Sindano ya Shaba na Dadu la Pande 20

Katika vikundi vya michezo ya uigizaji ya mezani hapa Mombasa, mjadala kuhusu kifo cha mhusika huanza karibu kila mara kwa swali moja: msimulizi amwue mhusika wa mchezaji au amwache hai? Nimelisikia Tudor, nimelisikia Nyali, na nimelisikia mara nyingi zaidi barazani kwetu Mji wa Kale, ambako kikundi chetu hukutana kila Alhamisi baada ya Isha. Naona swali lenyewe limekaa vibaya. Linamfanya msimulizi aonekane kama hakimu aliyeshika kamba, ilhali kazi yake kuhusu kifo hufanyika kabla ya dadu kurushwa na baada ya dadu kutua. Pale katikati, dadu linapobingirika, hana la kufanya ila kuisoma namba iliyotokea, na kuisoma kwa sauti.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akiwa amejiundia mhusika wake, mtu wa kubuni mwenye jina, nguvu, udhaifu na asili iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwenzao mmoja huwa msimulizi. Yeye huieleza dunia, huwasemea maadui na wapita njia, na huamua ni lini jambo limefikia mahali ambapo maneno hayatoshi na dadu linahitajika. Hakuna mshindi mwishoni. Hadithi moja, ambayo wachezaji huiita kampeni, huweza kuendelea kwa miezi au miaka, na hapo ndipo uzito wa kifo unapotoka: anayekufa ni mtu wa karatasi, lakini saa zilizotumika kumjenga ni saa za mtu mwenye damu na nyama.

Uzito huo ulionekana tangu mwanzo wa mambo haya. Dungeons & Dragons, mchezo ulioizaa michezo yote ya aina hii, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, nao ulichipuka kutokana na michezo ya vita vya askari wa kuchongwa. Katika kanuni za Chainmail za mwaka 1971, ambazo Gygax aliziandika na Jeff Perren, askari wa kawaida akipatwa na pigo huondolewa mezani papo hapo, kama kete ya drafti iliyoliwa. Halikuwa jambo la kumuumiza mtu, kwa kuwa nani atamlilia askari mmoja kati ya ishirini? Arneson alipoanza kuwapa wenzake wa Minnesota mtu mmoja mmoja wa kumwongoza, katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, hali ilibadilika. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba wachezaji hawakustahimili kumpoteza mtu wao kwa pigo moja, akaazima wazo kutoka kanuni za vita vya manowari, ambamo chombo hupigwa mara kadhaa kabla hakijazama. Hivyo ndivyo pointi za uhai, yaani hesabu inayopunguzwa kila mhusika anapopigwa, zilivyoingia katika michezo hii, na leo zimo hata kwenye simu za watoto wetu. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kuwa kumhurumia mhusika ni ulegevu wa wachezaji wa siku hizi. Kanuni mashuhuri kuliko zote katika fani hii ilibuniwa kwa sababu watu waliwapenda wahusika wao.

Mwaka 1975 Gygax aliupeleka kwenye mashindano ya mchezo huu, katika tamasha la michezo la Origins huko Marekani, mkasa wa kaburi lililojaa mitego, uliochapishwa mwaka 1978 kwa jina la Tomb of Horrors, na ambao hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa ukatili wa wasimulizi. Mashindanoni kifo kina maana yake: ni kipimo cha kikundi kipi kimefika mbali kuliko kingine, na wahusika wenyewe si watu ambao mchezaji ameishi nao mwaka mzima. Kosa ni la wale walioichukua desturi ya mashindano wakaileta nyumbani, wakaihesabu idadi ya wahusika waliouawa kuwa ndiyo sifa ya msimulizi hodari.

Lakini Gygax huyo huyo, katika kitabu cha mwongozo kwa wasimulizi cha mwaka 1979, aliwashauri jambo tofauti. Ikiwa mchezaji amechukua kila tahadhari, kisha dadu likamgeuka kwa bahati mbaya tupu, msimulizi anaweza kuingilia kati na kumwacha mhusika amezimia, au amepoteza kiungo, badala ya kumwua. Ikiwa mchezaji amefanya upumbavu, basi dadu liamue. Wasimulizi wengi wanauona ushauri huu kuwa wa busara, na kwa muda mrefu niliufuata. Siku hizi nauona una kasoro moja kubwa. Nani anaamua kwamba huyu alitahadhari na yule alizembea? Ni msimulizi, peke yake, nyuma ya kiambaza chake cha karatasi ngumu kinachoyaficha madadu yake. Katika kikundi cha marafiki na ndugu, ambako mmoja ni mdogo wako wa tumbo moja, mwingine ni binti wa jirani, na mwingine ni mgeni aliyeletwa wiki iliyopita, utakuta mgeni ndiye anayezembea daima.

Mwaka juzi niliendesha kampeni ya mabaharia wa pwani yetu. Mchezaji mmoja, dada mwenye utulivu na kumbukumbu kali, aliigiza nahodha mwanamke mzaliwa wa Siyu aliyekuwa akiitafuta merikebu ya marehemu babake. Kwa miezi tisa tulimfuata nahodha huyo kutoka Pate hadi Kilwa. Kisha, katika ugomvi mdogo usio na maana yoyote kwenye mikoko ya Mtwapa, niliurushia mshale wa mlinzi asiye na jina dadu la pande 20, likatua 20. Kwa hesabu za kanuni tulizokuwa tukizitumia, nahodha alikuwa amekufa papo hapo. Nilitazama dadu nyuma ya kiambaza, nikamtazama yeye, nikasema kwamba mshale ulipita kando ya sikio lake. Wote wakashusha pumzi, na mimi nikajiona nimefanya ihsani.

Wiki tatu baadaye mwenzetu aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu, na ambaye aliiona namba ile, aliitaja bila kukusudia. Dada yule aliweka kalamu chini akaniuliza, "Kaka, lile dadu la Mtwapa lilitua ngapi?" Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hata zile nilizoshinda, n'tajuaje kuwa nilishinda mimi?" Alicheza usiku ule mpaka mwisho, kwa adabu, na hakuja tena kwa muda wa miezi miwili.

Nimelitafakari swali lake kuliko maandishi yoyote niliyoyasoma kuhusu uendeshaji wa michezo. Nilidhani nimempa uhai wa nahodha wake, kumbe nilimnyang'anya miezi tisa. Dhoruba aliyoivuka nje ya Malindi kwa kurusha namba aliyoihitaji haswa, na usiku ule alioponyoka gerezani Kilwa, vyote viligeuka kuwa zawadi zangu badala ya kuwa ushindi wake. Msimulizi anayedanganya mara moja hadanganyi kuhusu dadu moja. Anaitia shaka namba ya kila dadu lililotangulia na la kila litakalofuata. Baya zaidi, huwanyima wachezaji nafasi ya kuchagua. Laiti ningewaambia wote wazi kwamba namba hii imemwua nahodha, nikawauliza kama tunaikubali ama tunairudia pamoja, huenda tungeirudia, na pasingekuwa na aibu yoyote. Kubadilisha matokeo kwa makubaliano ni haki ya kikundi kizima, kwa maana hadithi ni yao. Ubaya uko katika siri.

Hapo ndipo ninapokikumbuka kisa cha Fumo Liyongo, ambacho sisi watu wa pwani tumekisikia tangu utotoni na ambacho kila msimulizi angefaa akirudie kwa jicho la kazi. Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mwanawe, aliyerubuniwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ya cheo na mke, alimwuliza siri hiyo, na baba akamjibu ingawa alishuku mtoto ametumwa. Alipochomwa usingizini aliinuka, akachukua upinde wake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, akaukaza upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona wakadhani yu hai, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji.

Kinachokifanya kifo hicho kisisahaulike ni kwamba kanuni yake ilijulikana mapema. Msikilizaji anaijua sindano kabla haijatengenezwa, na Liyongo mwenyewe ndiye aliyeitamka, akijua huenda anaitamka kwa mwenye kutumwa. Tuseme fundi wa hadithi angemwua kwa mshale wa mpita njia katika ubeti ambao haukutuandaa kwa lolote. Nani angeikariri habari yake leo? Vilevile hadithi ingeharibika kama sindano ingechoma na isiue, kwa sababu msimulizi amemwonea huruma shujaa. Ahadi ikishatolewa mbele ya wasikilizaji haina budi kutimizwa.

Kutokana na hayo nimejiwekea desturi moja, na naitetea bila kusita. Kabla ya dadu lolote linaloweza kuua, nasema kwa maneno ya kawaida kabisa kwamba jambo hili laweza kumwua mhusika, nataja namba inayohitajika, na nampa mchezaji nafasi ya kughairi. Wasimulizi wenzangu kadhaa hupinga wakisema kwamba hofu inapungua hatari ikitangazwa. Kwa nilivyoona, mambo huenda kinyume. Mchezaji asiyejua bei ya kitendo chake hurusha dadu huku akitafuna mhogo. Aliyeambiwa kwamba chini ya 8 ni mauti hulifumbata dadu mkononi, akawatazama wenzake, na mara nyingine akalirudisha mezani na kutafuta njia nyingine. Kule kulirudisha nako ni mchezo, tena mchezo mzuri.

Kanuni za mwaka 2014 za Dungeons & Dragons zina sehemu moja inayoielewa hali hii vizuri. Mhusika aliyeishiwa na pointi za uhai hafi hapo hapo, isipokuwa pigo liwe kubwa mno. Kila zamu yake ikifika anarusha dadu la pande 20, na 10 au zaidi ni hatua ya kuokoka, chini ya hapo ni hatua ya kufa. Mafanikio matatu yanamtuliza, makosa matatu yanamwua. 20 humwinua, na 1 huhesabiwa makosa mawili. Asiposaidiwa na mtu, uwezekano wa kuokoka ni takriban 60 kwa 100. Lakini thamani yake haimo kwenye hesabu hiyo. Imo katika zamu zile tatu au nne ambamo wenzake wanajua anakufa na wanalazimika kuamua: tumkimbilie au tumkabili adui? Hapo kifo kinakuwa shughuli ya kikundi kizima, na hakuna anayeweza kusema hakuonywa.

Mfano wa wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mchezo wa kutisha uitwao Dread, uliotolewa mwaka 2005. Hauna dadu. Mezani husimamishwa mnara wa vipande vya mbao vya Jenga, na kila anayetaka kufanya jambo la hatari huchomoa kipande. Mnara ukianguka mkononi mwako, mhusika wako ametoka katika hadithi. Msimulizi hana cha kuficha wala cha kusamehe, kwa maana kila mtu anauona mnara ukiyumba. Tena mchezaji anayetaka mhusika wake afe kishujaa anaweza kuusukuma mnara kwa makusudi, na tendo lake likatimia. Yatupasa pia kukumbuka kwamba neno Jenga ni letu: Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika, ndiye aliyelichukua kutoka kitenzi chetu alipoanza kuuza mchezo huo London mwaka 1983, baada ya familia yake kuucheza kwa vipande vya mbao ilipokuwa ikiishi Ghana.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba mhusika asife kamwe bila idhini ya mwenyewe. Mchezo wa Fate, kwa mfano, unamruhusu mchezaji kukubali kushindwa kabla dadu halijarushwa, na kwa kukubali huko akapata sauti katika kuamua jinsi alivyoshindwa: ametekwa, amekimbia, ameachwa akidhaniwa amekufa. Sina ugomvi na njia hiyo. Nikicheza na wapwa zangu ndiyo ninayoitumia, na nimeona watoto wa miaka kumi wakichagua kushindwa kwa namna zilizonishangaza. Njia hiyo ni ya haki kwa sababu ile ile inayolifanya dadu la wazi kuwa la haki, kwamba kila mtu aliijua kabla ya kuketi. Kinachonisumbua ni kikundi kinachodai kuwa kifo kipo, kikatishana kwa kifo, na wakati huo huo msimulizi ameshaapa kimoyomoyo kwamba hatamwua mtu.

Ufufuo nao unahitaji kuzungumzwa mapema. Katika kanuni nilizozitaja, mhusika aliyekufa kwa muda usiozidi dakika moja hurudishwa kwa almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu, na aliyekufa hadi siku kumi kwa almasi ya vipande 500. Mwanzoni mwa kampeni hizo ni fedha nyingi. Baada ya mwaka wa kuchimbua hazina, kifo kinakuwa kama nauli. Kwetu sisi jambo lina upande mwingine pia. Siku ya kwanza kabisa wachezaji wawili walisema kwamba imani yao haiwapi raha kuigiza kumfufua maiti, hata kwa mzaha wa mezani. Tukaiondoa kanuni hiyo bila kubishana. Matokeo yake sikuyatarajia: wahusika walianza kujadiliana na maadui, kutoa fidia, kurudi nyuma giza likiingia. Kifo kisicho na tiba kiliwafundisha diplomasia ambayo miaka ya almasi haikuwafundisha.

Kikao hicho cha kwanza ndicho pia mahali pa kuulizana nani ana jeraha ambalo mchezo usiliguse. Tuliwahi kuwa na mchezaji aliyerudi mezani siku chache baada ya khitma nyumbani kwao. Aliomba tusimwue mtu yeyote kwa muda, na kwa Alhamisi tatu tulicheza biashara ya karafuu na mashindano ya ngalawa. Hakuna hadithi iliyoharibika.

Baada ya kifo ndipo wasimulizi wengi wanapolegea kabisa. Mhusika ameanguka saa tatu usiku, mchezo utaendelea hadi saa tano, na mwenyewe amebaki kutazama simu yake kwa muda wote huo kama mtu aliyefukuzwa harusini. Huwa nafikiria tofauti ya drafti na bao. Kete ya drafti ikiliwa imetoka. Ya bao ikiliwa hupandwa upande wa aliyeila na mchezo unaendelea nayo. Mchezaji aliyefiwa na mhusika atumike kama kete ya bao: apewe sauti ya adui papo hapo, au amchukue baharia ambaye tayari ana jina na ambaye wenzake wameshaongea naye. Katika kampeni zangu za majini kila jahazi huwa na watu watano wa akiba kwa ajili hiyo. Asianzishwe na mhusika dhaifu kuliko wenzake wote, kwani huko ni kumwadhibu mara mbili. Wala asije wiki ijayo na pacha wa marehemu mwenye upanga ule ule, kwa kuwa hapo kifo kimefutwa kwa mlango wa nyuma.

Tena dunia ionyeshe kwamba mtu ameondoka. Nahodha akifa, nani analipa deni lake kwa fundi wa jahazi? Mamake ataambiwa na nani? Hili ndilo nililojifunza kwenye kisima cha Liyongo: huwa najiuliza mji wangu utakaa siku ngapi bila kuteka maji. Ikiwa jibu ni kwamba hakuna aliyeona kiu, basi nimemwua mtu bure.

Sasa tunacheza kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu ya Wareno hapa Mombasa, kulikoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698 Waomani walipoingia. Historia yenyewe imetuletea tatizo ambalo hatujalimaliza, kwa kuwa wengi waliofia ngomeni hawakufa kwa upanga. Walikufa kwa maradhi, kiasi kwamba mwaka 1697 Wareno walipokuwa karibu kwisha wote, ulinzi ulimwangukia Bwana Daudi wa Faza na watu wake. Maradhi hayaonyi kama ninavyoonya mimi. Tulijadili usiku mzima, tukakubaliana hivi: kila mwezi wa mchezo kila mmoja arushe dadu moja, ndani ya sinia lililowekwa katikati ya mkeka ambapo wote wanaona. Likitua 1, mhusika ameugua na hatapona, lakini mchezaji anapewa kikao kizima cha kumalizia mambo yake.

Mwezi uliopita 1 ilimtokea karani wa ghala. Mchezaji wake alikitumia kikao chake kumwandikia barua mke wa karani aliyeko Faza, akaiandika kweli kwa kalamu na karatasi, akamkabidhi mhusika mwingine pamoja na funguo za ghala. Aliyekabidhiwa anaigizwa na yule dada wa nahodha wa Siyu, ambaye alirejea tulipoanza kurusha madadu siniani. Barua ameikunja ndani ya karatasi zake, na kwa kalenda ya mchezo imebaki miezi minane ngome ianguke.